Bawa la Kulia Liko Mutsamudu

Nchi yetu ya visiwa ilipokatika vipande, mimi nilikuwa nimeshaikata ndege yangu. Bawa la kushoto lilikuwa Moroni kwenye karakana yangu, bawa la kulia Mutsamudu, kisiwa kingine, kwa baba mkwe wangu. Wanasiasa walihitaji zaidi ya miaka ishirini ya hotuba kufika hapo. Mimi nilifika kwa asubuhi moja, na sikumkodia mtu kipaza sauti.

Niseme mapema kwamba skuli nilikaa miaka minne, na huo wa nne niliumalizia zaidi nje ya darasa. Nilizaliwa Itsandra kwa wavuvi. Nikaenda Mombasa nikiwa na suruali moja, nikafagia karakana ya boti mpaka wenyewe wakachoka kuniona na ufagio wakanipa brashi. Nilirudi na mambo mawili: Kiswahili hiki ninachoandikia, na kazi ya faiba. Kwa asiyeijua, faiba ni kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo. Unakilaza ndani ya kalibu, unakilowesha kwa rezini, gundi ya majimaji iliyotiwa dawa ya kukazia, unalaza kingine juu yake, na kikishakauka unapata kitu kigumu kuliko mbao na chepesi kuliko ahadi ya waziri. Boti nyingi zilizokuwa zikivusha watu baina ya visiwa vyetu zama hizo zilitoka mikononi mwangu. Wenye diploma walikuja kunitazama nikifanya kazi, mikono nyuma, wakitikisa kichwa kama wanaoelewa.

Mmoja tu alikuja na kitu cha kuonyesha. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa kisiwa cha Nzwani, mzaliwa wa Mutsamudu, aliyekuwa akisomesha Moroni. Mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha mwisho, bunda la karatasi kwapani.

"Fundi," akasema, "unaweza kutengeneza ndege?"

"Ya namna gani?"

"Isiyo na injini."

Nikamwambia amefika penyewe. Gari langu lilikuwa na injini na lilikuwa halijatoka uani tangu Ramadhani, kwa hiyo chombo kisicho na injini kwangu kilikuwa tayari ni maendeleo.

Hakucheka. Alikuwa mtu wa kucheka kesho yake, akishapiga hesabu. Akatandaza karatasi zake juu ya boti iliyopinduliwa, akanieleza. Alipokuwa mwanafunzi Ufaransa alijifunza kurusha ndege hizo. Inavutwa kwa kamba mpaka juu, kamba inaachiwa, na baada ya hapo rubani anatafuta hewa ya moto inayopanda, anazunguka ndani yake, anapanda nayo, kisha anateleza kwenda kutafuta nyingine. Na watu wanashindana: anayeizunguka njia iliyopangwa kwa kasi kuliko wenzake ndiye mshindi. Mashindano yalikuwa yakifanyika Afrika Kusini mwaka uliofuata. Alikuwa amewaandikia, nao wakamjibu kwa adabu kwamba aje, mradi aje na ndege.

"Kwa nini usiazime?" nikamuuliza.

"Nimeichora yangu," akasema. "Nataka niingie na yangu."

Hapo nilimpenda. Mtu anayetaka kushindwa na chake ni mtu wangu.

Ilikuwa ndege ya mtu mmoja. Mwili kama samaki wa jodari, rubani anakaa ndani nusu amelala. Mabawa mawili, kila moja urefu wake kama boti kubwa ninayoijenga, lakini unene wake kama mkate tu. Halafu akaniambia neno lililonikalisha chini. Inzi akifia kwenye ukingo wa mbele wa bawa, ndege inapungua kasi.

"Inzi," nikasema.

"Inzi mmoja, fundi."

Mimi nilikuwa nimezoea vyombo vinavyopakia ng'ombe.

Tukaanza na mfano wa mbao, maana kalibu ya faiba huumbwa juu ya mfano. Miezi mitatu tulisugua msasa. Mwalimu alikuwa akitoka skuli, anavua shati, anafumba macho na kupitisha kiganja juu ya mbao kutoka ncha mpaka shina, kisha anagusa mahali kwa kidole. "Hapa." Mimi sioni kitu. Tunasugua. Kesho yake anagusa sentimita mbili pembeni. "Hapa." Kwenye bangwe, ule uwanja wa mji ambapo wazee waliokwisha kufanya harusi kubwa hukaa kuhukumu dunia, ilishaamuliwa kwamba fundi wa Itsandra anatengeneza papa kwa ajili ya Wafaransa.

Tuligombana mara moja tu, juu ya matabaka. Kwenye boti nina mazoea yangu. Nikishalaza vitambaa vinavyotakiwa, ninaongeza kimoja. Ninakiita tabaka la abiria, kwa sababu mwenye boti atakuapia kwamba atapakia watu kumi, na wewe unamjua. Mafundi wote wa visiwani wana tabaka lao la namna hiyo, na asiyekuwa nalo msipande boti yake. Mchoro wa mwalimu ulisema matabaka matano kwenye ngozi ya bawa. Mimi nikakata sita.

"Matano," akasema.

"Na abiria?"

"Abiria ni mimi, fundi, na uzito wangu nimeshaupigia hesabu."

Akanieleza polepole, kama anavyowaeleza wale wa nyuma darasani. Bawa zito si bawa imara. Na likiwa moja zito kuliko jenzake, siku ya kuruka, ndege ikiwa bado haina kasi, lile zito litashuka, ncha itagusa chini, na ndege itazunguka juu ya ncha hiyo huku kamba bado inaivuta. "Aliye ndani hatoki," akasema, akachukua msasa wake. Tangu siku hiyo tulipima kila kipande kwa mizani ya vanila tuliyoazima kwa mfanyabiashara, kikavu kwanza, halafu kikiwa kimelowa. Niliona haya kama mtu anayepimiwa chakula nyumbani kwake.

Sasa kuhusu Mutsamudu. Meli kubwa zinafunga gati kule, si Moroni, kwa hiyo mapipa ya rezini yalishukia kule. Na kule nina mke. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, na nyumba baba humjengea binti. Baba mkwe wangu alikuwa seremala aliyejenga nyumba hiyo kwa mikono yake, pale Hombo, ambako barabara ina upana, si ndani ya mji wa kale ambako hata jeneza hukata kona kwa kubembelezwa. Chini ya nyumba alikuwa na ukumbi mrefu wa kazi. Faiba nilimfundisha mimi, wiki mbili. Wiki ya tatu kazi yake ilikuwa safi kuliko yangu, jambo ambalo nilichukua muda kuliona.

Tarehe ya mashindano ilikuwa inatukimbiza, kwa hiyo tukakubaliana: bawa la kushoto nilifanye mimi Moroni, kalibu ya kulia tuisafirishe kwa baba mkwe, mabawa yakauke kwa wakati mmoja. Mwalimu akaandika karatasi. Juu yake kulikuwa na tarakimu moja kubwa, tano, imepigiwa mistari miwili chini, na pembeni uzito ambao bawa lisivuke.

"Mpe mkononi," akaniambia.

Nikaenda. Nikakaa mkekani mbele ya baba mkwe, kahawa ikaletwa na binti yake, mke wangu, katika kikombe kilichonunuliwa na baba, ndani ya kuta zilizojengwa na baba. Karatasi iko mfukoni. Naomba msomaji aniambie ni mkwe gani angeitoa. Mzee alinipa binti bila kuniuliza nilifika darasa la ngapi. Mimi nimpe karatasi ya kumwambia asizidishe kitambaa, na pembeni yake uzito, maana yake nitakuja kumpimia? Hata watoto wa mtaani wangeniimbia.

"Kalibu ndiyo hiyo, baba," nikasema. "Kazi mwenyewe unaijua."

"Naijua, mwanangu."

Tukanywa kahawa. Mambo yakaishia hapo. Nikarudi Moroni na karatasi mfukoni, na mwalimu akaniuliza kama nimempa mzee. Nikasema nimempa.

Wiki chache baadaye Nzwani ikatangaza kwamba haimo tena katika nchi yetu. Watu wa Mutsamudu walitoka barabarani na bendera ya mkoloni, wakimwomba arudi, naye akajibu kwamba ameshukuru ila ana shughuli. Huku kwetu Moroni viongozi walikasirika sana, kila mmoja redioni kwa zamu yake. Wakapeleka askari. Askari wakarudi mapema kuliko ilivyopangwa, na si wote. Juu ya hilo sitanii.

Mwalimu aliendelea kusomesha. Lakini wenzake skuli walianza kumsalimia kwa Kifaransa, lugha ya kumsalimia mtu ambaye hutaki kujua kaamkaje. Jioni alikuja karakanani, akakaa kando ya bawa la kushoto lililokwisha kukauka, zuri, jeupe, matabaka matano kamili.

"Fundi," akasema siku moja, "chombo chenye bawa moja kinaitwaje?"

"Kinaitwa serikali, mwalimu."

Kesho yake alicheka.

Habari kutoka Hombo zilikuja kwa mdomo wa mabaharia: mzee kamaliza. Halafu hazikuja tena. Vyombo vya abiria vilikuwa vimesimamishwa, na vilivyokwenda vilikwenda kwa mashaka. Mimi nilishakata tamaa, mwalimu hakukata, na asubuhi moja boti ikaonekana Itsandra, boti ya mikono yangu mwenyewe, naijua kwa pua yake, ikiwa na kitu kirefu kilichofungwa kwa mashuka ya kitanda kikitokeza mbele na nyuma. Katikati amekaa baba mkwe, kanzu na kofia, kama anayekwenda kwenye maulidi.

Askari wawili waliokuwa wakilinda pwani walifika kabla yangu.

"Nini hicho, mzee?"

"Bawa."

"Bawa la nini?"

"La ndege."

Wakatazamana. "Ndege yenyewe iko wapi?"

"Kwa mkwe wangu, Moroni. Na bawa jingine analo yeye."

"Ndege ya vita?"

"Mwanangu," mzee akasema, "haina hata injini. Mngekuwa na wasiwasi na ile yenye injini."

Walilipekua shuka kwa shuka, wakagonga kwa vifundo vya vidole, mmoja akachungulia tundu la kwenye shina akitafuta bunduki. Mwishowe walisaidia kulibeba mpaka barabarani. Mimi nilikuwa mshiko wa tatu, na hapo hapo mikono ikaniambia. Mikono yangu haikusoma, lakini inapima. Bawa lilikuwa zuri kuliko langu, laini kama yai, na lilikuwa zito.

Nikaendelea kubeba. Mzee alikuwa amevuka bahari na shuka za binti yake.

Tulikwenda kuiunga Ikoni, kwenye uwanja wa zamani wa ndege. Mabawa yakaingia mwilini mwa ndege bila hata kugongwa nyundo, kushoto kwa Moroni, kulia kwa Mutsamudu, na watu wa Ikoni waliokuja kutazama papa wa Wafaransa wakasogea kutazama kiungo. Mwalimu alizunguka mara tatu. Kisha akanivuta kando.

"Tuyapime kabla hatujafanya lolote."

Baba mkwe alikuwa amewekewa kiti hatua kumi kutoka pale. Walikuwapo pia kaka zangu, na wazee wawili wa bangwe waliotaka kuwa wa kwanza kusema kwamba wao walishasema.

"Nimeshapima," nikamwambia. "Jana, ulipokuwa skuli."

"Na?"

"Sawasawa."

Akanitazama. Kisha akaingia ndani ya ndege, akalala nusu, akafunga mikanda. Aliniamini. Wasomi wana tabia hiyo, wakishaamua kwamba wewe ni fundi hawakuulizi mara ya pili.

Kamba ndefu ilifungwa kwenye lori mbele kabisa. Ndege ya namna hii inasimama juu ya gurudumu moja, kwa hiyo lazima mtu ashike ncha ya bawa ili ikae sawa, akimbie nayo hatua chache, kisha aachie. Mtu huyo nilikuwa mimi. Ishara kwa dereva wa lori ilikuwa kofia yangu: nikiivua, anaondoka.

Nilishika ncha ya kulia. Nikajaribu kuilegezea kidogo, bawa likashuka kama mtu anayekaa kitini. Nikaliinua, nikalegeza, likashuka tena. Kaka yangu mmoja akasema ni upepo. Nikasema ndiyo, upepo. Majani ya minazi yalikuwa yametulia tuli. Mwalimu akaniinulia dole gumba kutoka chini ya kioo chake. Dereva ametoa kichwa dirishani, ananitazama kofia. Mzee kwenye kiti ananitazama. Bangwe inanitazama. Na mimi nimeshika mkononi kile kile ambacho mwalimu alinieleza siku ile ya msasa: ncha itakayogusa chini, na yule ambaye hatoki.

Nimejenga boti nyingi, na nimejisifu kwa kila moja. Sikupata kuona uzito kama ule.

"Shuka, mwalimu," nikasema.

"Kuna nini?"

"Shuka tu."

Akafungua kioo. "Fundi, kuna nini?"

"Bawa hili zito. Sikupima jana. Na karatasi sikumpa mzee."

Nilisema kwa sauti, kwa sababu ningesema polepole ningeacha katikati. Mwalimu alifungua mikanda mmoja mmoja, akatoka, akasimama. Hakunitukana. Alikuwa amepauka, na alikuwa akitazama ile ncha mkononi mwangu.

Baba mkwe alishainuka. "Karatasi gani?"

Ilikuwa bado kwenye koti lile lile, imekunjwa mara nne. Nikampa kwa mikono miwili. Akavaa miwani, akasoma taratibu.

"Matano," akasema. "Mimi nimelaza manane."

Wazee wa bangwe wakasogea.

"Manane, baba?" mwalimu akauliza. Sauti yake ilikuwa ya heshima, naapa, sijui aliitoa wapi.

"Mkwe wangu aliniambia kazi naijua. Basi nilianza kama boti, nikaweka na la abiria. Halafu nikasikia kwamba atakayekaa ndani ni mtoto wa Mutsamudu." Akatazama lori, dereva, kaka zangu. "Na watakaomvuta ni watu wa kisiwa hiki cha Ngazidja, siku kama hizi. Nikaongeza. Nilisema upande wetu usiwe wa kwanza kuvunjika."

Mzee akakunja karatasi, lakini hakunirudishia.

"Leteni mizani," akasema.

Mizani ya magunia ikaletwa kutoka dukani Ikoni, na mabawa yakapimwa mbele ya kila mtu, langu kisha lake. Tofauti ilikuwa mbuzi mmoja aliyenenepeshwa kwa ajili ya Idi. Mzee alisoma mwenyewe, kwa sauti, kama anayesoma matokeo ya mtu mwingine. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa aibu ya miaka thelathini. Alichoniambia ni hiki tu: "Ungenipa, mwanangu, ningelaza matano." Nadhani nilitamani anitukane.

Mwalimu alikaa chini na penseli mpaka adhuhuri. Akasema si lazima tuongeze mbuzi mzima upande wa kushoto. Mbali na mwili, kwenye ncha, uzito mdogo unafanya kazi kubwa. Kaka zangu wakaleta chubwi za risasi za mishipi yao kutoka Itsandra. Mzee ndiye aliyetoboa bawa langu, akazipanga ndani, akafunika kwa faiba, na hakuna fundi anayeweza kukuonyesha leo alipotoboa. Tukangoja siku mbili likauke. Basi ndivyo muungano ulivyopatikana: kila upande ukabeba uzito wa hofu ya mwenzake. Viongozi walikuwa bado redioni.

Siku ya tatu nilishika ncha, nikalegeza, bawa likabaki lilipo. Nikalegeza tena, ili mwalimu aone. Ndipo nikavua kofia.

Ilipanda juu kuliko minazi, mara mbili yake, kamba ikaanguka, na ikawa haina sauti kabisa. Niliona tumbo jeupe likipita juu ya vichwa vyetu, mabawa yamenyooka sawasawa, ikaelekea upande wa bahari, ikageuka, ikarudi, ikashuka na kukimbia kwa gurudumu lake moja mpaka iliposimama na kuinama polepole upande mmoja. Wa kushoto, nasema kwa haki. Mwalimu alitoka, akaenda moja kwa moja kumbusu mzee mkono. Mimi alinipita. Aliporudi akasema, "Imekaa sawa, fundi," na kwa mtu wa hesabu hayo ni mengi.

Afrika Kusini hakwenda. Ndege ilikuwa nzito mno kushinda, na juu ya hayo ilitakiwa karatasi ya nchi ilikosajiliwa. Ofisi moja ya Moroni ilimwambia ndege yenye bawa la waasi haisajiliki. Huko Mutsamudu wakamwambia, kwa kupitia baharia, kwamba wao wana bawa moja tu.

Wiki ya majibu hayo baba mkwe alifungasha. Alisema bawa lake anarudi nalo, na serikali zetu zikishatulia tutalifuata. Mwalimu akafungasha pia. Walimu wenzake walimpa mkono wa kwaheri, kwa Kifaransa. Niliwasukuma mimi mwenyewe kutoka Itsandra, mzee katikati na kanzu yake, mwalimu mbele ameshika ncha ndani ya mashuka kama mtu anayemshika mgonjwa.

Serikali zilitulia, kwa kadiri zinavyojua. Mimi niliacha tabia ya tabaka la abiria kwenye boti? Hapana. Ila siku hizi ninawaambia wenye boti idadi ya matabaka, kwa mdomo na kwa maandishi. Na ninapokwenda Hombo kula kwa mke wangu, ninakaa pale pale mkekani, na mbele yangu, juu ya mlango unaoteremka kwenye ukumbi lilipotundikwa bawa, mzee alipigilia ile karatasi kwa misumari minne midogo ya shaba. Ina tarakimu moja kubwa, na mistari miwili chini. Kahawa inaletwa, mzee anauliza safari ilikuwaje, nami namjibu nikiwa nimeitazama.